Kwa wahitimu waliopiga makofi: barua ya wazi kutoka mtaa wa Langoni, Lamu

Wanangu,

Asalaam aleikum, na wasio Waislamu miongoni mwenu nawasalimu kwa heri.

Kwenye mahafali yenu alisimama mheshimiwa mmoja wa kaunti, akashika maikrofoni, akasema chuo chenu cha ufundi atakifanya chuo kikuu. Mkapiga makofi hadi kofia za kukodi zikaanguka. Mama zenu wakapiga vigelegele. Nyuma ya hema, karakana ilikuwa imefungwa kwa kufuli. Nikachungulia dirishani: mashine ya kukereza vyuma bado imevaa nailoni iliyokuja nayo. Nikauliza, nikaambiwa haijawahi kuwashwa kwa sababu umeme wa fezi tatu, ule wa nguvu wa mashine kubwa, haujavutwa. Hakuna aliyemuuliza mheshimiwa habari hiyo. Tangu siku ile nina hasira, na nyumbani kwangu wamechoka kunisikiliza, basi sasa ni zamu yenu.

Mmeaminishwa kwamba chuo kukua ni kubadilishiwa ubao wa langoni. Hebu niwape historia, maana naona hakuna aliyewapa.

Baba zetu walikuwa na MIOME, taasisi ya elimu ya Waislamu, kule Mombasa. Gavana wa kikoloni Philip Mitchell alilisukuma wazo, Sultani wa Zanzibar na Aga Khan wakatoa fedha, Waislamu wa Kibohora wakachangia, na mwaka 1951 wanafunzi wa kwanza wakaingia. Nia ilikuwa kijana Mwislamu wa Afrika Mashariki apate ufundi wa maana. Mwaka 1966 milango ikafunguliwa kwa watu wa dini zote na chuo kikaitwa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki, na 2013 kikapewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Kilifi walikuwa na taasisi ya kilimo. Leo ni Chuo Kikuu cha Pwani. Nairobi nako, Kenya Polytechnic ilipita njia hiyohiyo. Sisemi ni dhambi. Wametoka wahandisi humo, na wengine ni wajukuu wa mtaa huu. Lakini kila chuo kinapopanda daraja, yule kijana aliyepata alama ya D, mwenye mikono mizuri na karo ya kuokoteza, huachwa nje ya lango. Nani atamfundisha kulehemu?

Wa kumfundisha ni hicho chuo chenu. Na asili yake ni hii. Mwaka 1966 baraza la makanisa la Kenya lilitoa ripoti likiuliza vijana wanaomaliza shule za msingi waende wapi, maana shule za upili zilikuwa chache na kazi za ofisini chache zaidi. Zikazaliwa polytechnic za vijiji: banda, mkufunzi, msumeno na watoto wa jirani. Serikali ilikuja baadaye kushika mkono. Baadaye zikaitwa polytechnic za vijana, leo vituo vya mafunzo ya ufundi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kwa kaunti, tena kwa jina lao lilelile la zamani, polytechnic za vijiji. Vyuo vikuu imeviacha kwa serikali ya kitaifa.

Mmeona kichekesho? Mheshimiwa aliwaahidi kitu kisicho mkononi mwake, akanyamazia kilicho mkononi mwake. Mkapiga makofi!

Hasira yangu haiishii kwake. Sisi wazazi tuna lawama kubwa. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 tuliambiwa mtoto atajifunza useremala na uashi shuleni. Wazazi walichanga, wakajenga karakana kwa harambee. Kisha mitaala ikapunguzwa, masomo hayo yakatolewa, na karakana nyingi zikageuka stoo za madawati mabovu. Hatukusema kitu, kwa kuwa mioyoni tuliona afadhali. Hadi leo mtu akiulizwa mwanawe yuko wapi, akiwa chuo kikuu hujibu kwa sauti, akiwa chuo cha ufundi hujibu huku akitazama kando. Na nyinyi mmeiokota aibu hiyo. Nawaona asubuhi mkipita Mkunguni na ovaroli zimefichwa kwenye mifuko ya plastiki.

Sasa nije kwenye lililo moyoni mwangu, kwa kuwa mimi ni mwashi. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Kuta hizo hupumua. Unyevu huingia na kutoka. Ukizipaka saruji, maji na chumvi hunaswa ndani, na plasta hupasuka. Kule Mkomani kuna nyumba ilitengenezwa na mafundi walioletwa kutoka mbali, kazi ya haraka, saruji juu hadi chini, zidaka zote, yaani vishimo vya ukutani vya kuwekea vitu, zikazibwa. Masika ya kwanza plasta ikaanza kumeguka vipande vipande. Mwenye nyumba akaniita, nami nikamchukua kijana mwenye cheti cha uashi, cheti safi, cha juzi tu. Nikamwambia alowanishe chokaa. Akaniuliza, "Ami, mfuko wake unauzwa duka gani?" Sikumcheka. Amefundishwa tofali na saruji, kwa sababu ndivyo mtaala unavyotaka, na waliouandika hawana nyumba Lamu. Lakini chuo kiko mwendo mfupi kutoka kwenye nyumba za matumbawe, na wazee wanaojua kuchoma chokaa na kutia nakshi zidaka bado wako hai wachache. Hajaitwa hata mmoja kuonyesha kazi. Matondoni wanaunda majahazi, na hakuna darasa linalopelekwa kutazama kalafati ya kuziba mianya ya mbao inavyotiwa. Chuo cha umma kinachostahili kukua Lamu ni kile ambacho mtu wa Nairobi atapanda ndege kuja kusomea, kwa kuwa kwao hakipo.

Mmoja wenu atasema, "Ami, kazi iko bandarini." Sawa. Jiwe la msingi la LAPSSET, mradi wa bandari mpya ya Lamu na njia zake, liliwekwa mwaka 2012, gati la kwanza likaanza kazi 2021. Tumelalamika kwamba kazi zinachukuliwa na wageni, na haki ya kulalamika tunayo. Lakini hiyo ilikuwa miaka tisa. Ndani ya muda huo tungeweza kuwa na karakana ya kulehemu inayofanya kazi usiku na mchana. Tulifanya mikutano.

Wale waliopitia vyuo hivi, leo wana ofisi na viyoyozi na wanavicheka, nawakumbusha wazee wa Amu: mchama ago hanyele, huenda akauya papo, yaani anayehama kambi asiichafue, huenda akarudi papo hapo.

Mengine nayasema mbio. Fanyeni mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, msibaki na cheti cha chuo peke yake. Hesabu za vipimo zijueni. Binti anayetaka kujifunza injini za boti au umeme wa jua aachwe asome, asipangiwe ushonaji kwa nguvu. Unga wa kulevya umewamaliza wenzenu wengi. Mnajua barazani kwa nani, jiepusheni. Vifaa vya chuo haviendi nyumbani. Mkufunzi akikosa darasa, andikeni barua, mkae na nakala.

Na mkienda kumwona mheshimiwa, nendeni wengi, lakini msimtajie chuo kikuu. Mtajieni fezi tatu, mkufunzi wa kukereza na bajeti ya vifaa. Akiwapa chai, kunyweni baada ya yeye kuandika tarehe.

Nami sitaki kuonekana mtu wa maneno matupu. Anayetaka kujifunza chokaa aje Langoni Jumamosi baada ya alasiri, aulize nyumba ya fundi mwashi, watoto watamwonyesha. Ada sitozi. Aje na nguo za kuchafuka, na miraa aiache kwao.

Ami yenu,
Fundi mwashi mstaafu,
Langoni, Lamu