Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka 2024, Pamoja na Suala la Mkopo wa Upasuaji

Waheshimiwa wanachama na wanakamati wenzangu, Asalaam aleikum, na kwa ndugu zetu Wakristo, Bwana asifiwe. Nawasilisha kwenu taarifa ya chama chetu cha kupambana na unene hapa Mombasa kwa mwaka ulioishia tarehe 31 Desemba 2024.

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo sitazirefusha. Tulitembea ufukweni Mama Ngina kila Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, isipokuwa katika mwezi wa Ramadhani. Tuliadhimisha Siku ya Unene Duniani tarehe 4 Machi kwa kuwapima wananchi uzito, sukari na presha karibu na soko la Kongowea. Mtaalamu wa lishe alitufundisha mara tatu, na mizani mpya ilinunuliwa, ambayo mimi mwenyewe niliibeba kwa tuktuk kutoka dukani bila kukidai chama nauli.

Kuhusu fedha, tulianza mwaka na Sh118,300. Wanachama 64 kwa ada ya Sh200 kwa mwezi wangetupa Sh153,600, lakini zilizokusanywa ni Sh71,400. Matumizi ya kawaida yalikuwa Sh46,900, mkopo mmoja wa matibabu Sh80,000, na katika mkopo huo zimerudi Sh30,000. Salio ni Sh92,800, na mweka hazina anazo stakabadhi zote kwa yeyote atakaye kuziona.

Mkopo huo ndio uliosemwa sana mabarazani na katika kundi letu la WhatsApp, mara nyingi na watu wasiojua ulivyotolewa, na kwa sababu hiyo naomba mnivumilie nikiueleza kwa kirefu. Mwenzetu mmoja, ambaye ameniruhusu nieleze hali yake ila nisimtaje jina, aliomba msaada wa kukamilisha gharama ya upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula tumboni ili uzito ushuke. Ukigawa uzito wake kwa kilo kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe, unapata 43, na unene huhesabiwa kuanzia 30. Ana kisukari na presha. Ametembea nasi miaka miwili bila kukosa, akapungua kilo tisa, kisha zikarudi zote na nyingine juu yake.

Pingamizi la kwanza lilikuwa kwamba huo ni urembo na si matibabu, na kwamba ibara ya 9 ya katiba yetu inaruhusu mikopo ya matibabu peke yake. Nawajibu kwamba tangu mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walipendekeza upasuaji wa aina hii kwa mtu aliyefika 40 katika hesabu hiyo, au 35 akiwa na maradhi yanayoletwa na unene, na mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hiyo vikaushusha mpaka huo hadi 35 hata kwa asiye na maradhi mengine. Huko Uswidi, wagonjwa walianza kufuatiliwa mwaka 1987, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kuwa waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wenzao wanene ambao hawakupasuliwa. Urembo haufanyi hivyo.

Pingamizi la pili ni kwamba upasuaji ni njia ya mkato. Mkato upo, kwani karibu robo tatu hadi nne kwa tano ya mfuko huo wa chakula hutolewa kupitia matundu madogo, na pamoja nayo huondoka sehemu inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Hata hivyo, mwenzetu alikula vitu vya majimaji tu kwa majuma kadhaa, atameza vitamini na madini maisha yake yote, na akirudia soda na viazi karai kila jioni uzito unaweza kurudi. Hatari za kuvuja, kutokwa damu na damu kuganda zipo, na daktari alimweleza zote kabla hajatia saini. Aliyependekeza sindano za semaglutidi, dawa ya kupunguza hamu ya kula, badala yake azingatie kwamba ukiziacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi, na mfuko wetu hauwezi kumnunulia mtu dawa ya kila mwezi bila kikomo. Na yule anayetuuzia majani ya kuyeyusha kitambi katika kundi la chama nimeshamwonya mara mbili.

Pingamizi la tatu linanigusa mimi: kwamba nilimpendelea. Ni kweli kwamba tunasali msikiti mmoja na mumewe, kama nisalivyo na nusu ya waliomo humu. Tarehe 18 Mei wanakamati watano kati ya saba walihudhuria, wawili wakakubali, wawili wakakataa, na mimi nikapiga kura ya uamuzi kama katiba inavyonitaka. Ningeweza kuukwepa mzigo huo nikasema lipelekwe mkutano mkuu. Lakini mkutano mkuu nilikuwa nimeshauitisha tarehe 27 Aprili kwa ajili ya jambo hilohilo, wakaja watu 13 tu, akidi isitimie, na wengi wa wanaolalamika leo hawakuwamo. Mwenzetu analipa Sh5,000 kila mwezi tangu Julai bila kukumbushwa, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu ada za Sh200.

Mahudhurio yananihuzunisha. Januari tulikuwa tukitembea watu 40; Novemba tulikuwa saba, nami nikiwa mmoja wao kila wiki. Kwenye biriani ya Desemba walifika 58. Wanaume hasa hawaji, nao hudai unene ni shida ya kina mama. Ni kweli utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulikuta uzito uliozidi au unene kwa asilimia 38.5 ya wanawake dhidi ya asilimia 17.5 ya wanaume, lakini hata hao wa pili ni mwanamume mmoja kati ya sita, na hapa pwani mtu akinenepa bado twamsifu kwamba amenawiri na ana afya.

Kwa mwaka huu tunatarajia, Mungu akipenda, kuzifikia shule kadhaa, kuzungumza na wapishi wa harusi kuhusu mafuta, na kutafuta mfadhili.

Kamati inapendekeza pia mkopo wa matibabu usizidi Sh80,000 na uidhinishwe na mkutano mkuu, ili asilaumiwe mtu mmoja. Pendekezo hilo linahitaji kura yenu leo. Akidi ni watu 22. Nimehesabu waliomo ukumbini na kupata 19. Tutasubiri hadi saa tano, na mwenye simu ampigie jirani yake.