Mwite Juma Kwanza

Likoni, Mombasa
14 Septemba 2025

Shoga yangu Mama Juma,

Assalaamu alaykum. Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama mkwe wako sukari imeshuka, anakusalimu sana. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu haya hayasemeki kwenye simu unayoipokea jikoni kwa watu. Wifi yako anarudi Riyadh Jumamosi, atakupa barua hii mkononi.

Ni habari za binti yako Saumu. Usishtuke, haumwi wala hajafanya kosa. Ila nilipofunga rejista ya muhula uliopita niliona amekosa siku 19. Nikahesabu tena, nikidhani macho yamenidanganya. Kaka yake Juma, kwa alivyoniambia mwalimu wake, hajakosa hata moja.

Kabla ya kusema lolote nilikwenda kwenu alfajiri mbili. Saa kumi na moja mtoto yuko kwenye foleni ya maji na mitungi yake miwili. Akirudi abandike chai, awaogeshe mapacha, apige pasi shati la kaka yake, awafikishe wadogo darasani kwao, ndipo aje kwangu akihema. Hisabati imekwisha. Siku ya kliniki ya bibi haji kabisa. Na mtaala huu wetu umepangwa kama kwamba kila nyumba ina mama aliyeketi kumngoja mwanafunzi: leo lete mbegu, kesho lete kadibodi, hapa mzazi atie sahihi. Daftari za mapacha anatia sahihi Saumu.

Mtihani wa KJSEA, ule wa kumaliza Gredi ya Tisa, unaanza mwishoni mwa Oktoba, na asilimia 20 ya alama zinatokana na tathmini alizofanya shuleni Gredi ya Saba na ya Nane. Kwa hiyo siku zozote alizokosa miaka hiyo nazo zimo ndani. Anataka mkondo wa sayansi akiingia Gredi ya Kumi, na mimi nasema ataumudu. Julai alikuwa wa tatu darasani kwa karatasi ya sayansi, na karatasi hiyo aliisomea jikoni.

Wewe haya unayajua kuliko mimi. Elimu ya msingi ilipofanywa bure Januari 2003 ulikuwa na miaka 12, umebaki nyumbani kulea watoto wa kaka yako. Uliingia darasa la tatu ukiwa mrefu kuliko wote, wakakucheka, mpaka mwaka uliofuata redio ilipomtaja Mzee Kimani Maruge kule Eldoret, kaingia darasa la kwanza na miaka 84. Siku ile uliniambia huyo mzee amekufungulia njia. Sijasahau.

Na huko uliko, unawaamsha watoto wa tajiri wako, unawapa kifungua kinywa, unawafungia mikoba, unawatoa mpaka kwenye gari la shule. Saa ya Riyadh na ya Mombasa ni moja. Dakika ileile unayofanya kazi hiyo kwa mshahara, Saumu anaifanya hapa, na hakuna anayeiita kazi. Baba Juma si mtu mbaya. Anavuka feri asubuhi na kurudi usiku, na pesa unazotuma hazichezei. Lakini ulipoondoka, kazi zako hazikumfuata yeye wala Juma. Zilimwendea msichana. Juma naye ana yake: vijana wa bodaboda wanamwambia kila jioni kwamba mwanamume hachoti maji, anatafuta pesa. Nachelea tutampoteza kwa njia hiyo.

Sikuambii urudi. Mkataba wako unakwisha Februari, na bila mshahara huo hata karo ya Juma ingekuwa ndoto. Nakuomba mawili tu. Katika pesa za mwezi, toa kidogo tumlipe jirani awapeleke mapacha asubuhi na amsindikize bibi kliniki. Nimeshazungumza naye, yuko tayari. La pili ni gumu zaidi. Siku ulipoondoka, pale uwanja wa ndege, ulimshika Saumu mabega ukamwambia, "Sasa wewe ndiye mama." Nilikuwa nimesimama kando. Ulikuwa unalia na ulimaanisha mapenzi, lakini yeye ameyashika kama amri. Nilipomwambia aombe kaka yake amsaidie maji, alinijibu, "Mwalimu, mama aliniachia mimi." Mfungulie, shoga yangu. Neno hilo alilipokea kwako, hataliacha kwa kuambiwa na mimi.

Saumu hajui kama nimeandika. Aliniomba nisikutie wasiwasi. Jumanne na Alhamisi nitabaki naye shuleni hadi saa kumi na moja kwa ajili ya Hisabati, mradi pawe na mtu wa kuwapokea mapacha. Basi ukipiga simu Ijumaa, mwite Juma kwanza. Mwulize nani kachota maji.

Wako akupendaye,
Mama Fatuma