Somo, chukua kompresa yenye tanki

Shangani, Mtwara

Somo yangu,

Assalam alaykum. Sisi huku hatujambo, watoto wamefunga shule na mama yao anakusalimu sana. Picha ya sanamu yako ya dinosaria, yule mjusi mkubwa wa kale wa Tendaguru, nimeitazama mpaka simu ikaisha chaji. Shingo umeipatia. Mifupa yenyewe ilichimbwa huko kwenu kati ya 1909 na 1913, ikapelekwa Berlin na hadi leo ipo huko. Basi angalau Lindi ibaki na huyu wako, na ngozi yake ipate rangi inayostahili.

Umeniuliza kuhusu zile kompresa mbili, mashine za kubana hewa ya kuendeshea brashi ya upepo inayopuliza rangi: ndogo isiyo na tanki, na ile yenye tanki la lita tatu. Chukua yenye tanki. Kama hela haijatimia, subiri korosho ziuzwe. Mimi sikusubiri, nilichukua ile ndogo, ndiyo maana nakusihi.

Kompresa isiyo na tanki inakuletea kila pigo la pistoni mpaka mkononi. Ukivuta mstari mwembamba utauona unanenepa, unakonda, unanenepa tena. Tanki ndilo linalotuliza upepo. Halafu yenye tanki, kama ina swichi ya kujizima, ikishajaa inanyamaza, nawe unaweza kufanya kazi usiku watoto wamelala. Ile nyingine inaunguruma muda wote mpaka inachemka, ukiiwekea kiganja huwezi kuvumilia.

Lakini kubwa kuliko yote ni maji. Masika ya mwaka jana nilikuwa namalizia jahazi langu la mfano. Nimeshinda siku tatu kwenye ubavu mmoja tu, napuliza kivuli chini ya ukingo, kahawia ikififia taratibu kuingia kwenye rangi ya mbao. Mara brashi ya upepo ikakohoa, tone moja la maji likatua juu ya rangi mbichi. Likafunguka kama jicho, katikati peupe, pembeni duara jeusi. Nikalifyonza kwa ncha ya kitambaa, likaondoka na rangi yote ya chini, mbao ikabaki wazi. Nilipiga msasa ubavu mzima nikaanza upya, na moyo uliniuma.

Hewa yetu ya pwani imeshiba unyevu, somo. Ukiibana inapata joto, ikifika kwenye mpira wa kupitishia upepo inapoa na kutema maji. Ndiyo maana kichuja maji kilichofungwa pale pale kwenye kompresa hakitoshi, hewa inakipita ingali ya moto. Tumia mpira mrefu, mita tatu hivi, kisha funga kichujio kingine kidogo karibu na mkono, chini ya brashi. Na kila ukimaliza kazi, fungua koki iliyo chini ya tanki. Yatatoka maji yenye rangi ya kutu, na hapo utajua yangeishia wapi.

Muuzaji akikutajia namba kubwa za nguvu, zisikubabaishe. Brashi ya upepo inataka msukumo wa psi 15 hadi 25, kipimo kile kile cha upepo wa tairi; tairi la gari dogo linataka zaidi ya hapo. Mota ndogo inayotoa lita 20 kwa dakika inakutosha kabisa. Wewe kazana na geji, ile saa inayoonyesha msukumo. Rekebisha msukumo huku upepo unatoka, kwa sababu ukiurekebisha wakati brashi imefungwa, mshale unashuka mara tu unapoanza kupuliza. Soma na kibandiko cha umeme. Kikisema volti 110 iache, hiyo si ya umeme wetu, itaungua. Mpira nenda nao dukani, maana mdomo wa kompresa nyingi ni robo inchi na mpira wa brashi mara nyingi ni mwembamba zaidi, kwa hiyo utahitaji kiungio na tredi tepu, ule utepe mweupe wa kuzuia kuvuja.

Kuhusu yule fundi friji aliyeahidi kukuundia moja kwa kompresa ya friji mbovu na mtungi wa zamani, kataa. Ni kweli zile hazina kelele, lakini zinatema mafuta ndani ya upepo, na mafuta kwenye rangi yanaacha vitobo visivyozibika. Huo mtungi nao haujulikani umeoza kiasi gani ndani, na hukunitajia kama una valvu ya usalama. Unafanyia kazi barazani, watoto wanakuzunguka. Tafadhali usikubali.

Kabla hujalipa nitumie picha ya kibandiko. Ijumaa ijayo nakuja Lindi, nitakuletea kichujio changu cha akiba na kipande cha mpira. Huyo mjusi mwache na rangi yake ya kwanza tu. Mgongo nataka niwepo ukiupuliza.

Wasalaam,
Somo yako