Usugu wa viluwiluwi huanzia kwenye utando wa seli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo mijadala kuhusu dawa za kuua viluwiluwi vya mbu hulipita haraka, nalo ni kwamba sumu za bakteria haziushambulii utando wa seli kwa njia moja.

Bakteria aitwaye Bacillus thuringiensis israelensis, aliyegunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, hutengeneza fuwele za protini ambazo hazina makali mpaka kiluwiluwi azimeze. Ndani ya utumbo wake wa kati, wenye alikali kali, fuwele huyeyuka na vimeng'enya huzikata protini hizo zikawa sumu kamili. Sumu za kundi la Cry hunasa kwenye vipokezi, yaani protini za kushikia zilizo kwenye utando wa seli za utumbo, hukusanyika, kisha hujichomeka na kuutoboa. Ayoni na maji huingia bila kizuizi, seli huvimba na kupasuka, na kiluwiluwi huacha kula, akafa mara nyingi ndani ya siku moja. Pupa hadhuriki, kwa kuwa hali chochote.

Kinachonivutia zaidi ni sumu nyingine ya bakteria huyohuyo, Cyt1Aa, ambayo haihitaji kipokezi cha protini. Hiyo hushika mafuta yenyewe yanayoujenga utando, na ikishajikita hapo, huwa kipokezi cha Cry11Aa, mojawapo ya sumu za kundi la Cry. Hivyo hata mbu ambaye vipokezi vyake vimebadilika hapati upenyo rahisi wa kuponyoka.

Bakteria mwingine anayetumiwa kuua viluwiluwi, Lysinibacillus sphaericus, hana akiba hiyo. Sumu yake ya Bin hutegemea kipokezi kimoja katika mbu wa jenasi ya Culex, na badiliko dogo la jeni linaloking'oa kipokezi hicho kwenye utando hutosha kumfanya kiluwiluwi awe sugu. Usugu huo umekwisha kuonekana Ufaransa, India, China na Brazili.

Naelewa kwa nini wengi humpenda bakteria huyu wa pili: hudumu muda mrefu zaidi katika maji machafu. Lakini kuchagua dawa kwa kigezo hicho pekee, msimu baada ya msimu, ni kuwachagulia mbu sugu waendelee kuzaana. Nawasihi wanaopanga udhibiti wa mbu watumie michanganyiko yenye sumu za bakteria wote wawili, na wapime usugu wa viluwiluwi kutoka mazalia yenyewe kabla ya kuagiza shehena nyingine.

Msomaji wako