Kabla bomba la gesi halijapanda Nyanda za Juu, jirani asikilizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi tunaoishi kando ya TAZAMA, bomba la mafuta la Tanzania na Zambia, tumelikalia kimya kwa muda mrefu.

Bomba hilo lilijengwa mwaka 1968. Linatoka Kigamboni, linapanda Morogoro na Iringa, linapita Mbeya hadi Ndola nchini Zambia, jumla ya kilometa 1,710. Kwa miaka mingi lilisafirisha mafuta ghafi, na tangu 2023 linasafirisha dizeli. Mimi nimezaliwa nikalikuta. Shamba letu la mpunga, huku Mbarali, linapakana na mkuza wake, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya bomba.

Miaka mitatu iliyopita mvua za Machi zilichimba korongo katikati ya mkuza. Maji yalipopungua, bomba lilibaki wazi kwa urefu wa hatua kama nane, linaning'inia kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Gamba lake jeusi la lami lilikuwa limebanduka upande wa chini, na chuma kimeanza kushika kutu yenye rangi ya tofali. Siku ya tatu nikakuta watoto wa shule wamelifanya daraja. Walikuwa wanavuka mmoja mmoja, viatu wamevining'iniza shingoni kwa kamba zake, mikono wameitandaza wasianguke.

Nilikwenda kwenye kibango cha onyo nipige simu. Namba ilikuwepo, lakini rangi ilikuwa imeliwa na jua na tarakimu mbili za mwisho hazisomeki. Nikaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji alinisikiliza vizuri, ila hakuwa na namba nyingine wala ramani ya kuonyesha bomba linapita wapi katika kijiji anachokiongoza. Nikiwa natoka, jirani yangu akanivuta kando: "Kaka, achana nalo hilo. Ukiripoti wewe, wa kwanza kuhojiwa ni wewe."

Hakuwa anatania. Wizi wa kutoboa bomba upo, na msako ukija huanzia kwa wanaoishi karibu. Mafundi walifika siku ya 19. Kazi yao waliifanya vizuri, walilivisha bomba gamba jipya na kuzuia mmomonyoko kwa mawe yaliyofungwa kwenye nyavu za waya. Lakini siku zote hizo 19 sisi wazazi ndio tuliopokezana asubuhi na jioni kuwazungusha watoto kwa njia ya mbali.

Nalisema hili sasa kwa sababu mara kadhaa tumesikia viongozi wetu na wenzao wa Zambia wakizungumzia kupeleka gesi asilia ya Tanzania huko kwa bomba, na bomba la namna hiyo likijengwa halina njia ya kuzikwepa wilaya zetu za kusini. Sipingi gesi. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Bomba kubwa la kutoka Mtwara, lenye kipenyo cha inchi 36, lilizinduliwa mwaka 2015. Huku kwetu mama zetu bado wanapuliza kuni mbichi jikoni wakati wa baridi ya Juni. Tunaitaka gesi, tena tungependa itushukie na sisi, isipite tu chini ya miguu yetu kwenda kwa wengine.

Ila gesi si dizeli. Dizeli ikivuja utaiona inang'aa juu ya maji ya mfereji na utaisikia harufu yake. Ile harufu kali tunayoijua ya mtungi wa jikoni imetiwa makusudi ili tustuke. Gesi asilia yenyewe haina harufu wala rangi, na kwenye mabomba makubwa ya kusafirishia mara nyingi haitiwi harufu hiyo. Tena gesi ya mtungi ni nzito, hutambaa chini, wakati gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, hupanda juu. Dalili za kuvuja kwake anayeziona ni mtu wa shambani: mluzi unaotoka ardhini, vumbi linaloruka pasipo upepo, mapovu kwenye maji ya mfereji, au kipande cha majani kilichokauka ilhali pande zote ni kijani. Sisi nasi tunachoma mabua na vichaka kila kiangazi. Nani amewahi kuja kijijini kutuambia kwamba ukiona dalili hizo usiwashe moto, usiwashe pikipiki, usitoe simu hapo hapo, bali uondoke kwa kuelekea upande upepo unakotoka, ndipo upige simu ukiwa mbali?

Milima yetu nayo si ya kuidharau. Aprili 2024 mlima Kawetere uliporomoka pale Itezi, jijini Mbeya, tope likafunika nyumba za watu na kuharibu shule. Tupo pia kwenye Bonde la Ufa, na tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kupimwa Afrika. Kwa hiyo mhandisi akituambia bomba litafukiwa na likifukiwa limemalizika, tumuulize valvu za kufungia gesi zitakuwa umbali gani kutoka kijiji hadi kijiji, na zitafungwa na nani. Huko San Bruno, California, bomba la gesi lilipasuka Septemba 2010 katikati ya makazi. Watu 8 walikufa na nyumba 38 ziliteketea. Ilichukua dakika kama 95 kuikata gesi, kwa sababu valvu zilihitaji mtu wa kuzifuata na kuzifunga kwa mkono. Hiyo ni Marekani, wenye barabara za lami hadi mlangoni. Hapa kwetu masika gari la fundi linaweza kunasa njiani hadi trekta lije kulivuta.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Ghislenghien, Ubelgiji. Julai 2004 bomba la gesi lililipuka na kuua watu 24. Lilikuwa limekwaruzwa na mashine ya ujenzi kabla ya siku hiyo, likatulia hivyo hivyo na jeraha lake hadi lilipopasuka. Nikilifikiria hilo naona mfereji wetu wa umwagiliaji unaozibuliwa kwa greda kila mwaka. Dereva akikwaruza bomba leo, atasema? Kwa hofu iliyopo, atafukia udongo haraka na kuondoka, na aliyemwona atajifanya hakuona.

Ndiyo maana naomba, kabla mtaro wa gesi haujachimbwa, kanuni iandikwe na kutangazwa kwenye mkutano mkuu wa kila kijiji: anayetoa taarifa ya bomba lililo wazi, lililokwaruzwa au linalovuja hakamatwi kwa sababu ya taarifa yake, hata kama ni yeye aliyelikwaruza kwa bahati mbaya. Wezi washughulikiwe kwa ushahidi. Kila ofisi ya kijiji ipewe ramani ya mkuza na namba ya bure inayopokelewa usiku na mchana. Na vijana wa kijiji waajiriwe kutembea mkuza kila wiki, walipwe mshahara. Nairobi, kwenye mtaa wa Sinai, Septemba 2011 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba yakaingia mfereji wa maji machafu, watu wakakimbilia na ndoo, na takriban 100 wakafa kwa moto. Sisi wenyewe tulizika zaidi ya 100 baada ya lori la mafuta kuwaka Msamvu, Morogoro, Agosti 2019. Mlinzi anayetoka kijijini, anayeitwa kwa jina la baba yake, angesikilizwa akiwaambia wenzake warudi nyuma.

Fidia nayo isipimwe kwa jicho la haraka. Ndugu zetu wa Rungwe na Njombe wamepanda maparachichi, mti ambao mizizi yake haiwezi kuruhusiwa juu ya bomba. Huo si mti wa msimu mmoja. Unazaa miaka mingi, na kuna watu wanaosomeshea watoto kwa miti 30 tu. Ukiulipia kama mche wa juzi, umemfanya mwenye shamba aichukie kila hatua ya bomba hilo, na hutapata taarifa yoyote kutoka kwake.

Nilipita pale korongoni Jumapili. Mawe yamekaa imara, majani yameota juu yake. Kibango bado ni kile kile, na tarakimu mbili za mwisho bado hazisomeki.

Mkulima wa mpunga,
Mbarali, Mbeya