Digrii nayo ina kangomba wake

Ndugu mhariri, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa korosho huku Tandahimba. Kuna msomaji wenu aliandika eti digrii siku hizi ni karatasi ya kufungia maandazi, vijana wote waende VETA wakasome ufundi. Nataka nimjibu mana mimi mhitimu ninaye ndani ya nyumba, sihadithiwi.

Binti yangu aliingia chuo 2017, ule msimu bei mnadani ilipita shilingi 4,000 kwa kilo, huku watu walikuwa wananunua pikipiki kama wananunua vocha. Mimi nikasema hela yangu inaenda chuo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo alipata kiasi, kilichobaki kikabebwa na mikorosho. Kamaliza 2020, uhasibu, ufaulu mzuri tu.

Toka hapo ni kuomba kazi. Dodoma kaenda mara tatu kwenye usaili, kutoka huku ni zaidi ya kilomita 1,000, nauli, pa kulala, kula, alafu anafika anakuta umati kama wa mechi. Na sio yeye peke yake, mwaka 2025 TRA, watu wa kodi, walitangaza nafasi 1,596 wakaomba watu zaidi ya 135,000, yani kiti kimoja kinagombewa na watu zaidi ya 80, sasa hapo utasemaje mtoto hakusoma?

Huyo wa VETA anayesifiwa hata kwetu yupo, mtoto wa jirani, kasomea kuchomelea na sa hivi anatengeneza mageti, hela anaiona. Ila watu hawasemi kwamba siku anamaliza baba yake alimnunulia mashine na kumlipia fremu. Wenzie wawili aliosoma nao wako kijiweni na bodaboda, pamoja na wa digrii.

Mimi naona kinachotuumiza ni kusubiri. Mwenzie binti yangu, chuo kimoja, kozi moja, alikuwa anakaa kwa mjomba wake Dar, akajitolea ofisi moja miaka miwili bila mshahara, anakula na kulala bure, mwisho wakamchukua. Wangu naye alipata nafasi ya kujitolea hukohuko Dar. Kodi ya chumba, daladala mbili kwenda mbili kurudi, chakula cha mchana, mimi natuma nikiwa nimeshakopa hela ya salfa, dawa ya mikorosho. Kufika mwezi wake wa nne akasema baba narudi. Huyo msomaji wenu akiwaona hawa wawili atasema mmoja kafaulu maisha mwingine digrii yake haina maana, wakati ni digrii ileile.

Sisi wa korosho hili tunalijua. Mwenye akiba anasubiri mnada, asiye na kitu anamuuzia kangomba, mnunuzi wa kichochoroni, kabla ya msimu kwa bei ya kutupa, na korosho ni ileile.

Siku hizi binti ni karani wa msimu kwenye AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, kuanzia Oktoba mpaka mizigo iishe. Na hapo ndo nimeona elimu inafanya kazi, sababu wazee wanapanga foleni kwake awasomee makato kwenye malipo yao, hii ya nini, hii inaenda wapi, zamani tulikuwa tunasaini tu tunaondoka. Msimu ukiisha na yeye kazi imeisha. Mzigo wa kilo nyingi namna ile unapita mikononi mwa chama alafu mhasibu anahitajika miezi mitatu tu, hili mimi sijawahi kulielewa na kwenye mkutano nililiuliza nikaambiwa mzee kaa chini.

Deni la Bodi nalo lipo, akiajiriwa asilimia 15 ya mshahara inakatwa. Mimi silalamikii hiyo, apate kwanza huo mshahara wa kukatwa. Ninachoomba ni usaili wa kuandika ufanyikie mikoani siku zote, mtoto wa Newala au Liwale afanyie huku, Dodoma aende akishavuka mchujo. Na anayejitolea apewe hata ya nauli na chakula.

Juzi kaitwa tena, Dodoma, wiki ijayo. Mnada wa kwanza bado mwezi mzima na ndani nina magunia mawili tu. Jana asubuhi jamaa wa kangomba alipita hapa kuulizia, nikamwambia arudi jioni.

Mkulima, Tandahimba, Mtwara