Barua ya Wazi: Mheshimiwa, Simamisha Ule Msumeno

Kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya misitu yetu,

Salamu kutoka miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Uganda. Nakuandikia kwa Kiswahili nilichojifunza jeshini, maana barua mbili za Kiingereza nilizoandikiwa na mwanangu hazikujibiwa. Huenda lugha ilikuwa ngumu.

Alhamisi iliyopita msumeno wa injini ulinguruma tangu alfajiri juu ya nyumba yangu, mahali ambapo hata mbuzi hupanda kwa ubavu. Magogo hayakubebwa. Yalisukumwa tu, yakateremka yakichimba mfereji katikati ya kahawa yangu. Usiku mvua ikanyesha, maji yakakuta njia tayari. Mke wangu aliamka akakuta sufuria zinaelea jikoni na mafiga yamefukiwa na tope.

Hilo nimelisamehe. Kinachoninyima usingizi ni ufa. Uko juu ya migomba, una urefu wa hatua 40. Nilitumbukiza panga, likazama hadi mpini.

Unajua ufa ni nini kwetu. Tarehe 1 Machi 2010 mlima ulishuka Nametsi, Bududa. Waliokufa na kupotea walizidi 300. Oktoba 2018 ikawa Bukalasi. Novemba 2024, Bulambuli. Nawe ulikuja matangani kwetu na gambuti mpya, ukasimama juu ya kiti cha plastiki, ukasema hakuna mti utakaokatwa tena juu ya nyumba ya mtu. Nilikupigia makofi, Mheshimiwa. Mikono ni hii hii inayoandika.

Utasema kosa ni la mvua, na kwamba sisi wenyewe tumelima hadi juu. Kweli, mimi pia niliuza mikaratusi miwili nikalipa karo. Lakini mvua ilinyesha hata enzi za babu. Nionavyo mimi, mizizi ndiyo kamba ya mlima. Mti ukikatwa, mizizi haifi siku hiyo. Huoza taratibu, miaka kadhaa, ndipo udongo unaachia. Siku hiyo aliyetia sahihi kibali atakuwa amekwisha hamishiwa wilaya nyingine.

Maana kibali kipo, au kitu kinachofanana nacho. Magogo yamegongwa nyundo ya serikali, ile ya kutia alama magogo yenye ruhusa, nimeyaona kwa macho yangu. Kama ni ya wizi, nyundo iliazimwa na nani? Lori hushuka usiku kuelekea Mbale, mbao zinakwenda na pesa zinakwenda. Sisi tunabaki na mfereji.

Na usiniambie nihame. Wenzetu walipelekwa Kiryandongo, mbali na mlima huu, baada ya 2010, na mimi makaburi ya wazazi wangu siwezi kuyapakia kwenye lori.

Siombi mabati wala unga wa msaada. Simamisha ule msumeno. Jumatatu wanarudi, mafuta yao wameyaweka kibandani kwa jirani. Njoo kabla ya hapo, hata bila gambuti. Panga nimeliacha mle mle ufani, utalivuta mwenyewe.

Wako mtiifu, bado,
Askari mstaafu na mkulima wa kahawa